Mstari wa Tisa

Dakhalia, Chake Chake
Jumapili, 19 Januari 2025

Kaka yangu Hija,

Shikamoo. Natumai karatasi hizi zimekufikia kavu, maana ile barua ya mwezi wa kumi Nyange, anayetubebea mizigo na barua, aliikalia kwenye boti mpaka wino ukayeyuka. Huku tu wazima. Baba yuko Mkoani bandarini, anarudi nyumbani kila Ijumaa. Mama hajambo ila macho yanamsumbua, chumvi na jua la kwenye mwani. Paka amezaa tena ndani ya kapu la nguo zako. Mimi nimerudi skuli, kidato cha tatu, nalala dakhalia, kitanda cha juu.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni.

Unaikumbuka ile programu ya maji niliyomwekea mama kwenye simu mwezi wa Disemba? Inasema kwa sauti maji yatakupwa saa ngapi na yatajaa saa ngapi. Mama hakuihitaji. Alicheka tu: "Mie bamvua nalijua kwa mwezi, mwanangu. Simu inijulishe nini?" Lakini wageni katika kikundi chao cha wakulima wa mwani waliipenda, na Bi Modester, mke wa Bwana Noel afisa mifugo, akaniomba nimwekee na yeye. Ametoka Bukoba, huu ndio mwaka wake wa kwanza kwenye mwani. Nikamwekea. Nilijiona mtu.

Wiki moja kabla skuli hazijafunguliwa, siku ya bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kupita siku zote, simu ikamwambia maji yatakupwa saa kumi. Umeshafahamu? Ilikuwa saa kumi ya Kizungu, ndiyo saa nne yetu asubuhi. Aliyeitia Kiswahili programu ile alibadilisha maneno, saa akaziacha kama zilivyo. Bi Modester akaelewa saa kumi alasiri, kama angeelewa mtu yeyote. Ilipofika saa tano wenzake wakakusanya kamba wakaanza kurudi pwani. Yeye akawaambia, "Tangulieni, simu inasema bado yanatoka." Akainama akaendelea kufunga mwani wake. Unaujua ule mkondo ulioko kati ya mashamba na pwani. Maji hujaa pale kwanza, nyuma ya mtu. Aliponyanyua kichwa hakuwa na pa kupita, na hajui kuogelea. Mama ndiye aliyerudi kumchukua. Walitoka wameshikana kwa kamba ya mwani, maji yamewafika kifuani.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Walionisema ni wenzake: "Haya, simu ya Moza yasemaje leo? Tukazame saa ngapi?" Sasa kwetu Micheweni nzima mtu akichelewa, hata harusini, anaambiwa anafuata simu ya Moza.

Nimekasirika, kaka. Lakini sikukaa na hasira bure. Programu ile ni huria, yaani maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, akaona kosa, akaandika rekebisho na kuwapelekea wenye mradi walipitie. Siku mbili za mwisho za likizo nilikaa na simu ya mama nikanakili sehemu ya sauti, kurasa sita za daftari. Halafu nikaandika rekebisho langu, mistari kumi na minane. Nimetumia kile kitabu cha programu cha maktaba kisicho na jalada.

Skuli hatuna intaneti na simu ni marufuku. Wewe unasoma kompyuta chuoni. Naomba ulichape rekebisho na ulipeleke, kwa jina langu, Moza Rajab. Daftari nimelifunga pamoja na barua. Tafadhali usichelewe. Watu wa Tanga na Mafia nao wanaisikiliza sauti hiyo hiyo, na kuna mwengine atainama.

Mdogo wako,
Moza


Dar es Salaam
16 Februari 2025

Mdogo wangu Moza,

Marahaba, na salamu nyingi kwa mama na baba. Mwambie mama nakula vizuri, asisikilize maneno ya Nyange. Joto la hapa si la kuandika, mtu unaoga na ukijifuta unatoka jasho. Wenzangu wa chumbani wawili wamehama, amekuja mmoja anayekoroma kama jenereta. Mtihani umekaribia. Na huyo paka msimtoe kapuni, mwacheni alee.

Habari ya Bi Modester imenisikitisha. Mshukuru Mungu kwamba mama alikuwepo.

Daftari nimelipata. Kazi nzuri, hongera. Nimeshalishughulikia. Hawa watu wa programu huria wanachukua muda, si kama kununua maandazi, kwa hiyo uwe na subira. Ukimaliza kidato cha nne utayaelewa zaidi haya mambo.

Soma kwa bidii.

Kaka yako,
Hija


Dakhalia, Chake Chake
9 Machi 2025

Kaka Hija,

Shikamoo, na Ramadhani Karim. Tumefunga salama. Chakula cha dakhalia ni kile kile ila sasa tunakisubiri, basi kinaonekana kizuri. Mama alikuja kuniona Jumamosi na mkate wa ajemi na salamu zako zote zilizopitia kwa Nyange. Baba amepata mafua.

Barua yako niliisoma mara nne. Umesema umelishughulikia. Kushughulikia ni kufanya nini? Umelichapa? Umelipeleka? Kitabu kinasema rekebisho likipelekwa hupewa namba, na kila anayetaka anaweza kuiona namba hiyo. Nipe namba. Nitaiandika tu ndani ya jalada la daftari.

Na nambie kama ulilijaribu kabla ya kulipeleka. Mimi sikuwa na njia ya kulijaribu, nililifanyia kazi kichwani.

Bi Modester amerudi kwenye mwani, ila haingii ng'ambo ya mkondo. Mama anasema anafunga kamba huku kageuza uso pwani muda wote.

Moza


Dar es Salaam
6 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Eid Mubarak, ingawa imepita. Niliswali na vijana wa Wete wanaofanya kazi Kariakoo, tukala pilau kwa mmoja wao, mkewe ni fundi wa mapishi. Nimemtumia mama kanga kwa Nyange. Mwambie ile ya rangi ya zambarau ni ya bibi, asiikabidhi kwa mwengine.

Kuhusu lile jambo lako. Sikutaka kukuambia, lakini umeuliza. Wamelikataa. Msimamizi wao mmoja amejibu kwa ukali sana. Anasema hawapokei kazi ya watoto wa skuli, na kwamba aliyeandika hajui anachofanya. Pia kasema Kiswahili cha visiwani hakieleweki kwa wengine. Nilijaribu kukutetea.

Usivunjike moyo. Dunia ya kompyuta ndivyo ilivyo.

Hija


Dakhalia, Chake Chake
20 Aprili 2025

Kaka Hija,

Shikamoo. Bibi ameipokea kanga, anakuombea. Baba amepona. Leo kuna mpira Gombani na makelele yanafika mpaka kitandani kwangu, lakini hata wangepiga mizinga mie nisingesikia.

Hajui anachofanya! Mwambie huyo msimamizi nina maswali. Je, yeye amewahi kusimama kwenye mkondo? Kosa la saa sita kwenye maji analijua ni kosa gani? Maji yakikupwa saa nne, baada ya saa sita yamejaa pomoni. Hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Wangekosea kwa saa tatu ingekuwa nafuu. Programu yao inamwambia mtu maji yametoka wakati yamejaa, halafu wanasema mimi ndiye sijui.

Na Kiswahili cha visiwani kimeingiaje? Niliandika "saa nne asubuhi". Kuna Mswahili gani duniani asiyeelewa saa nne asubuhi? Mstari gani hawakuuelewa? Hukuniambia mstari. Mtu akisema kazi ya mwenzake mbovu anatakiwa aonyeshe mahali. Hata Mwalimu wa Jiografia, ambaye hanipendi, anazungushia kosa kwa wino mwekundu.

Simwogopi mtu nisiyemwona. Darasani sinyanyui mkono, unanijua, lakini huyu namwandikia. Barua yangu kwake iko nyuma ya karatasi hii. Mpelekee neno kwa neno. Na namba, kaka. Mara ya pili naomba namba.

Mbona wewe hukukasirika? Barua yako yote, kanga imepata mistari mingi kuliko huko kunitetea kwako.

Moza


Dar es Salaam
1 Juni 2025

Moza,

Salamu kwa wote. Nimechelewa kwa ajili ya mitihani. Barua yako niliifikisha, hawakujibu. Namba siikumbuki, na ule ukurasa nadhani wameufuta.

Achana nao. Una mitihani yako. Mambo mengine mtu anayaacha yapite.

Mwambie mama likizo hii huenda nisije.

Hija


Dakhalia, Chake Chake
22 Juni 2025

Hija,

Mama hajambo. Baba hajambo. Bibi hajambo. Salamu zimekwisha.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikifuata hasira nitaruka mambo.

Barua yako ya mwezi huu ilipofika niliamua kumwandikia yule msimamizi mwenyewe, kwa Kiingereza. Nilitaka mtu anisahihishie. Kuna Mwalimu Conchesta, amehamia hapa mwaka huu kutoka bara, anafundisha hesabu na kompyuta. Nilisimama mlangoni pa ofisi ya walimu siku tatu. Siku ya tatu akaniuliza, "Wewe binti, mlango unauza?" Nikampa karatasi nikatazama chini.

Akasoma. Akasoma tena. Akauliza, "Nani amekuambia walisema haya?"

"Kaka yangu. Yuko chuo Dar es Salaam. Anasoma kompyuta."

"Hebu tuone."

Akafungua laptop yake, akawasha bando la simu yake, akaingia kwenye ukurasa wa mradi. Kila kitu kiko pale, Hija. Kila rekebisho lililowahi kupelekwa, yaliyopokelewa na yaliyokataliwa, miaka sita nyuma. Hakuna kinachofutwa. Tukatafuta Moza. Hamna. Tukatafuta Rajab. Hamna. Tukatafuta Hija, kwa sababu nilisema pengine ulitumia jina lako, na wallahi wakati ule niliomba iwe hivyo. Niliomba uwe umeniibia. Hamna. Tukatafuta neno Kiswahili. Yametokea mambo mawili, yote ya mwaka juzi.

Juu kabisa kuna ukurasa wa wanaoanza. Umeandikwa kwamba mgeni akaribishwe, aulize chochote, na atakayemdhihaki mgeni ataondolewa kwenye mradi. Mwalimu akanitafsiria taratibu ingawa nilikuwa naelewa. Halafu akasema, "Mwanangu, hawa watu hawajakukataa. Hawajawahi kukusikia."

Umeniaibisha mbele ya mwalimu wangu. Hilo dogo. Miezi miwili nilimchukia mtu asiyekuwepo. Nilikuwa nalala namjibu. Nilipokuwa nafua namjibu. Kila nilipoona "simu ya Moza" machoni mwa mtu nilisema ni yeye, msimamizi, ndiye aliyenizuia nisilirekebishe. Kumbe ni wewe, umeketi juu ya daftari langu, unatunga matusi kwa mwandiko wako mzuri. "Nilijaribu kukutetea." Ulinitetea kwa nani?

Na maji hayakungoja. Mabamvua mangapi yamepita tangu Januari? Hesabu. Kila mwezi mawili. Kila bamvua sauti ile imesema uongo kwa kila aliyeisikiliza, na mimi nikidhani nimefanya niwezalo.

Nililiandika upya kwa kichwa, kwa sababu daftari unalo wewe. Nimechapa mwenyewe kwenye laptop ya Mwalimu, vidole viwili, Jumamosi mbili. Tumelipeleka. Namba yake ni 412. Umeona? Namba inaandikika.

Siku ya nne wakajibu. Aliyejibu ndiye aliyeitia Kiswahili, anaitwa Ezekieli, anaishi Kigoma. Haya ndiyo maneno yake, nimeyanakili:

"Dada Moza, pole sana kwa yaliyompata huyo mama, nimesoma yote uliyoeleza. Mimi ni mtu wa ziwani, maji yetu hayakupwi wala hayajai, nilitafsiri bila kufikiria. Kosa ni langu. Rekebisho lako ni zuri. Kitu kimoja: tazama mstari wa kumi na nne, pale simu inapotamka saa. Nimejaribu kwa saa kumi na mbili jioni, simu ikasema 'saa sifuri'. Nimecheka peke yangu. Liweke sawa tulipokee."

Saa sifuri! Ni kweli. Nilikosea. Nilikaa nikatazama mstari ule na uso ukanichoma, halafu nikarekebisha, neno moja tu, dakika kumi. Ungelichapa hata mara moja mwezi wa pili, ukalijaribu saa moja baada ya nyengine, ungeliona. Tungelirekebisha kabla ya Ramadhani.

Hivyo ndivyo mtu anavyoambiwa amekosea, Hija. Kwa mstari.

Nirudishie daftari langu. Usiniandikie habari za joto.

Moza Rajab


Dar es Salaam
27 Julai 2025

Moza,

Nimeandika barua hii mara nyingi. Hii ndiyo ninayokutumia. Daftari limo.

Siku daftari lako lilipofika nililifungua kwa furaha. Niliwaonyesha wenzangu mwandiko wako. Nikaanza kulisoma nichape. Nilifika mstari wa tisa nikakwama. Sikuelewa unafanya nini. Nikasema kesho. Kesho yake nikakwama pale pale, na ndipo nilipokuandikia kwamba nimelishughulikia, kwa sababu nilidhani kesho nyengine nitaelewa.

Utasema ningechapa tu. Mtu anaweza kuchapa asichokijua. Lakini niliogopa wakiniuliza, nitajibu nini? Mama anawaambia watu wote Micheweni kwamba Hija anatengeneza kompyuta. Mimi somo la programu nimelirudia mara mbili, na sasa ni ya tatu. Ndiyo maana likizo sikuja. Nyumbani hakuna anayejua ila wewe kuanzia leo.

Yale maneno, "hajui anachofanya", hakuna aliyekusema wewe. Mwalimu wangu alinisema mimi, mbele ya darasa. Ulipotaka jibu sikuwa na jibu jengine kichwani.

Ningeweza kumuuliza mtu. Wewe ndiye uliyekuwa unajua. Kukuuliza wewe ndiko kulikonishinda.

Nimeitazama 412. Jina lako lipo. Nimeikodolea macho muda mrefu.

Kaka yako,
Hija


Dakhalia, Chake Chake
10 Agosti 2025

Kaka Hija,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo kwa sababu mama alinifundisha, usiielewe vyengine.

Mama hajambo. Siri yako sijamwambia, utamwambia mwenyewe. Anauliza mbona Nyange hana parseli safari hii. Baba amepata siku tatu za kupumzika, anaezeka banda la mbuzi. Rekebisho limepokelewa na limeshaingia kwenye simu. Jumamosi nilikuwa nyumbani, nikaibonyeza mbele ya mama, ikasema, "Maji yatakupwa saa nne na robo asubuhi." Mama akatazama bahari, akasema, "Haya, leo imepata akili." Kisha akachukua kamba zake akaenda kwa saa yake ya siku zote.

Usidhani mambo yamekuwa mazuri. Bi Modester hajairudisha programu ile kwenye simu yake. Nilimweleza yote, akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Asante, mwanangu. Mimi sasa namfuata mama yako. Akitoka natoka." Na Micheweni bado wanasema simu ya Moza. Jina likishaingia kule halitoki. Juzi nimeitwa hivyo na mtoto wa darasa la pili.

Na wewe sijakusamehe. Nimejaribu kuona kama nimekusamehe, nimekuta bado.

Daftari nimelifungua. Pembeni ya mstari wa tisa umetia alama ya kuuliza kwa penseli, mara tatu. Ya tatu umeikandamiza mpaka karatasi imetoboka. Nilipoiona nililia kwa hasira, wenzangu chumbani wakadhani kuna msiba. Alama hiyo hiyo moja, Hija. Ungeikata kwa mkasi ukaitia kwenye bahasha bila neno jengine, ningekujibu kwa boti ya kwanza. Nani angekucheka? Mimi niliyesimama mlangoni siku tatu?

Basi sikiliza. Mstari wa tisa unasema hivi: chukua saa ya Kizungu, ongeza sita, gawa kwa kumi na mbili, kinachobaki ndicho saa yetu. Saa kumi, ongeza sita, ni kumi na sita. Ukigawa kwa kumi na mbili kinabaki nne. Saa nne. Ni hilo tu. Sasa fanya wewe kwa saa kumi na nane ya Kizungu, ndiyo jioni, uone kinabaki nini. Ukikiona utajua kwa nini nilikosea mstari wa kumi na nne, na utajua kwamba na mimi nilikuwa sijui.

Ezekieli anasema sehemu ya upepo ina kosa la saa lile lile na hakuna aliyeligusa. Namba yake ni 420. Nimemwomba aliache wiki nne. Sikumwambia kwa ajili ya nani. Fungua, soma, andika mwenyewe, tia jina lako. Nitakuwa nasoma kila mstari kwenye laptop ya Mwalimu Conchesta, na nikiona kosa nitakwambia mbele ya watu wote wa mradi, kwa adabu, kwa mstari.

Utakapokwama, niandikie umekwama wapi. Usiniandikie kwamba umelishughulikia.

Mdogo wako,
Moza